Mimi Si Jiwe la Ngome ya Mtu

Anko alinipigia Jumapili jioni, saa ambayo najua hapigi kusalimia tu. Akaanza na mvua, akaja kwa nyanya na magoti yake, kisha akafika alikokuwa anaenda: nirudi nyumbani mwezi huu nijiandikishe kura huko. Nauli atatuma kwa M-Pesa, ya kwenda na kurudi. Nikamwambia Anko, mimi nimezaliwa Mombasa, naishi Mombasa, maji yakikatika kwa mfereji yanakatika kwangu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kijana, hii ni ngome yetu. Kila mtoto wetu akipigia kura huko kwa watu, ngome inabaki na shimo."

Sikumjibu vizuri. Nilisema nitafikiria, nikasingizia simu haina chaji. Na huyu ndiye aliyenilipia karo ya mwaka wa kwanza kabla sijaacha chuo, kwa hivyo kumkwepa kwetu si jambo dogo. Lakini lile neno lilinikaa kichwani usiku mzima. Ngome. Ina shimo. Yaani mimi ni jiwe?

Mnaonifuata mnajua napenda kurekodi pale Mji wa Kale, na Fort Jesus nimeingia mara nyingi kuliko watoto wa shule wanaoletwa na mabasi. Hilo neno nimeishi nalo pande zote mbili, lile la mawe na lile la siasa, na sijawahi kukaa chini niyaweke pamoja. Wacha nijaribu leo. Ni ndefu, kama una haraka rudi baadaye.

Washa TV saa moja jioni. Utasikia mheshimiwa fulani amevamia ngome ya mwenzake, mwingine ametikisa ngome, wa tatu ameenda kuimarisha ngome yake wikendi hii na chopa mbili. Ukibadilisha ukaweka mpira, straika amepenya ngome. Ukienda kanisani, Mungu ni ngome. Hizo mbili za mwisho sina neno nazo. Beki akiwa ngome hiyo ni kazi yake na analipwa. Na Mungu akiitwa ngome, ni yeye anayekulinda wewe. Sasa angalia ile ya wanasiasa. Hapo ni wewe unayemlinda yeye. Neno ni lile lile, limegeuzwa kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyekohoa.

Tuingie ndani sasa.

Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe pale meli zinapoingilia bandarini. Miaka minne kabla ya hapo walikuwa wameushambulia mji na kuushinda. Kisha wakamleta mfalme wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, aje akalie kiti cha Mombasa. Ngome ikajengwa ili huo mpango usije ukabadilika. Kwa hivyo adui wa kuogopwa hakuwa wa baharini peke yake. Alikuwa pia jirani, yule anayekuuzia samaki asubuhi.

Na kweli jirani aliwamaliza. Kulikuwa na mtoto wa mfalme, Yusuf bin Hassan. Babake aliuawa kwa njama ya Wareno, wao wakamchukua mtoto mpaka Goa, wakambatiza, wakamwita Jerónimo, wakamsomesha, wakamrudisha akiwa sultani wao. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, mlango akifunguliwa kama mgeni wa heshima, akamuua kapteni. Kuta zote zile, unene wote ule, halafu mtu anaingia kwa mlango. Nikifika hapo kwenye lango huwa nasimama kidogo. Watalii hudhani natafuta mtandao.

Lakini stori ninayotaka hasa ni ya miaka 65 baadaye.

Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus. Hawakuondoka mpaka Desemba 1698. Miezi 33, wadau. Ndani kulikuwa na Wareno wachache, hata mia hawakufika, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Kilichowala zaidi ni maradhi, si mizinga. Mwaka 1697 ikafika mahali Wareno wote waliokuwa mle ndani wamekufa, na ngome ya mfalme wa Ureno ikabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Soma hiyo tena taratibu. Mwenye ngome yuko Lisbon. Askari wake wamezikwa wote. Na juu ya ukuta, anayekesha akiangalia kama adui anapanda ni mama fulani wa pwani hii, na wenzake 49, na mtu wa Faza na ukoo wake. Sheikh jina lake lilibaki. Wale 50 wametufikia kama idadi.

Sisemi walikuwa wajinga. Nje kulikuwa na panga, na ukishajulikana uko upande gani, huwezi kutoka ukasema samahani, nilikuwa napita. Hiyo ndiyo kazi ya ukuta: ukishafungwa mlango, chaguo lako linabaki moja. Baadaye mwaka huo huo msaada ulifika kutoka Goa, vita vikaendelea mwaka mwingine mzima, na Waomani walipoingia Desemba 1698 waliobaki hai ndani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Halafu ukifikiri ngome ilibomolewa mji ukapumua, hapana. Waomani waliingia wakakaa. Akina Mazrui, waliotumwa kuwa maliwali, wakaifanya yao. Mwaka 1837 Sayyid Said akawanyang'anya. Mwaka 1875 meli za Waingereza zikaipiga mizinga. Mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza jela, na ikabaki jela mpaka 1958.

Na hapa ndipo Kiswahili kinanipiga kofi. Neno gereza, wataalamu wa lugha wanalifuatilia mpaka kwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Unguja ile Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikafungiwa watu. Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni jina lake mpaka leo ni Gereza. Lamu, ngome iliyoanza kujengwa miaka ya 1810 ilikuwa jela mpaka 1984. Eighty-four! Kuna wazee Lamu wanaokumbuka wafungwa wakitolewa mle kwenda kufanya kazi, na leo watoto wanaingia kusoma vitabu. Yaani babu zetu waliyaangalia haya majumba, wakaona anayeingia na anayetoka, wakayapa jina. Halafu jina hilo likawa ndilo neno letu la kawaida la mahali pa kufungia mtu.

Si sisi peke yetu. Bastille ya Paris ilianza kujengwa 1370 kuzuia Waingereza, ikaishia kuwa jela ya wafalme, na watu walipoivamia 14 Julai 1789 walikuta wafungwa 7 tu. Wazungu pia wana neno sitadeli, limetoka kwa Kiitaliano na maana yake ni kimji kidogo: ngome ndani ya mji. Antwerp walijengewa moja na Duke wa Alba kuanzia 1567, kwa niaba ya mfalme wa Uhispania, ili mji uelewe nani mkubwa. Mwaka 1577 wananchi wakapata nafasi, wakaanza kubomoa. Walibomoa upande upi? Ule uliotazama mji. Walijua bunduki zilikuwa zinatazama wapi.

Sasa turudi kwa siasa, na mimi sina chama, kwa hivyo nitawakanyaga wote.

Ukiambiwa eneo lenu ni ngome ya mtu, umeshahesabiwa. Kura yako imo kwenye karatasi ya mtu hata kabla hujaamka. Yule mwenyewe hana sababu ya kukuja kukuomba, na mpinzani wake anaogopa kuja. Utaona viongozi wanavyozunguka yale maeneo yanayopiganiwa, huko ndiko ahadi za barabara zinamwagwa kama njugu, huku kwenu wanakuja siku ya mwisho kuwaambia mvae suti. Suti mnaijua: sita kwa sita, rais mpaka MCA, chama kimoja, usiangalie jina. Matokeo yake, MCA wako hakuchaguliwa Agosti. Alichaguliwa kwenye mchujo wa chama, siku ambayo wewe ulikuwa kazini, na watu wachache waliofika walijua nani amewalipia nauli. Kisha daraja likivunjika unamlalamikia nani? Ukimtisha na kura, anacheka. Utampigia nani mwingine, na hapa ni ngome?

Najua komenti itakayokuja. "Wewe dropout unajua nini, umoja ndio unaleta maendeleo." Sawa. Umoja naupenda. Watu wa eneo moja wakikaa, wakataja shida zao tatu, wakaziuza kwa yeyote atakayelipa bei nzuri zaidi, huo ni umoja na nitapiga makofi. Ngome ni kitu kingine. Ngome ina mwenyewe. Raila alipofariki Oktoba 2025, kabla hata matanga hayajaanuliwa nilishasikia watu wakiuliza nani atarithi ngome yake. Kurithi, kama shamba. Watu wazima, waliosoma, wenye familia na madeni yao na akili zao, wanarithiwa.

Na hao wenye ngome wanaamini kweli ni yao. Mwaka 2022 Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila. Mlima ukasikia, ukashukuru, ukampigia Ruto kwa wingi. Siku zile jinsi watu walivyokuwa wanaongea ungedhani kuna ng'ombe waliokata kamba. Ati wamemwasi. Wamemwasi nini? Walipiga kura. Labda walikosea, labda walipatia, hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini mlango wa ngome ulifunguliwa kwa ndani, kama ule wa Yusuf, na hii mara hakuna aliyekufa.

Kuna mara ambazo watu walikufa.

Sitaki kukaa sana hapa ila siwezi kuruka. Neno ngome likishaingia mtaani, yule jirani anayepigia upande mwingine hawi tena jirani mwenye maoni tofauti. Anakuwa adui aliye ndani ya ukuta. Na vitani adui aliye ndani hufanyiwa nini, kila mtu anajua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Nilikuwa mtoto wa miaka minne, mama anasema wiki hizo hatukutoka nje ya ploti. Anko alikuwa na duka, mji ambao sitautaja, mahali ambapo yeye ni wa kabila lingine. Miaka 11 alikuwa anauza unga na mafuta ya taa kwa watu wale wale, anawakopesha, anajua watoto wao kwa majina. Duka lilichomwa mchana. Alifika nyumbani na shati alilovaa na simu isiyo na chaji. Hajawahi kurudi hata kuangalia.

Kwa hivyo Anko anaposema ngome, yeye haongei kama yule mheshimiwa wa chopa. Anaongea juu ya mahali alipokimbilia na mlango ukafunguliwa. Hili nimechelewa kulielewa na nitakuwa muongo nikiliacha nje kwa sababu linaharibu posti yangu.

Ndio maana nataka kuwapeleka mahali pengine, mbali na bahari. Migori kuna Thimlich Ohinga. Ni kuta za mawe, zimepangwa bila udongo wala saruji, zina karibu miaka 500, na zingine zinapita kimo cha mtu mrefu. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Malango yake ni ya chini, unainama kuingia, kwa hivyo anayekuja na ubaya anatanguliza kichwa. Ndani walikaa watu na ng'ombe wao. Ile haikujengwa na mfalme wa ng'ambo. Iliwekwa jiwe moja moja na watu waliotaka kulala. Na walioishi mle hawakuwa kabila moja miaka yote. Jamii moja ilikaa ikahama, nyingine ikaja ikakuta ukuta, ikarekebisha palipobomoka, ikakaa. Mijikenda nao walikuwa na kaya zao, vijiji ndani ya msitu, na njia za kuingilia zenye malango.

Hizo pia ni ngome. Hizo naweza kumuelewa mtu akizipigania, maana ukuta upo kwa ajili ya aliye ndani. Uliza tu swali moja ukisikia neno hili: hapa anayelala ni nani na anayekesha ni nani? Thimlich, wote wanalala, wanakesha kwa zamu. Fort Jesus 1697, mfalme amelala Lisbon.

Na ngome ya Anko? Nilimuuliza. Ndiyo, nilimpigia Jumatano. Nikamuuliza tangu 2008 huyo wanayemlindia ngome amewahi kumlipa duka? Amewahi hata kuuliza? Akasema hizo ni siasa za watoto wa mtandao. Nikamuuliza je, siku ile aliyemfungulia mlango ni mheshimiwa? Akasema hapana, ni nyanya yako, na unajua ni nyanya yako, usiniulize kitu unachojua.

Katiba yenyewe, kama mtu ana subira ya kuisoma, haitaki haya mambo. Kifungu cha 138 kinasema rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Walioandika walijua mtu anaweza kujifungia kwake akahesabu kichwa kwa kichwa. Wakamwambia toka nje, ukaombe kura kwa watu usiowajua. Na Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walitoka Eldoret, Nyeri, Kisumu, Nairobi na hapa Mombasa, wiki moja, na bei ya mkate haikuuliza mtu ni wa ngome gani. Nilikuwa barabarani, macho yanawasha, msee nisiyemjua akanipa maji kutoka chupa yake. Nilimuuliza jina lake la kwanza tu. Lile la pili, lile ambalo Kenya ukilitaja unapangwa kwa ngome, sikumuuliza. Mpaka leo silijui.

Alhamisi nilienda ofisi ya IEBC ya eneo bunge letu. Foleni ilikuwa fupi, niliogopa ingekuwa ndefu nibadilishe nia. Dada aliyekuwa na kile kimashine cha alama za vidole akanirudisha mara mbili, ati vidole vyangu vimekauka. Nikavipaka mafuta, vikakubali. Kituo changu kitakuwa ile shule ya msingi nilikosoma, ambayo ukuta wake umeanguka upande mmoja tangu mvua ya mwaka juzi, na mpaka sasa sijui MCA wetu anaitwa nani. Nitamjua. Hiyo ndiyo kazi yangu kutoka sasa mpaka 2027, na nyinyi mtaichoka.

Jioni nikamrudishia Anko nauli yake, maana alikuwa ameshaituma bila kungoja jibu. Nikaandika kwamba nimejiandikisha huku, anisamehe, si dharau. Alama mbili za bluu zikatokea. Kimya. Nikapika, nikala, nikaangalia tena, kimya.

Saa nne usiku simu ikalia ujumbe wa M-Pesa. Pesa zimerudi zote, na ameongeza mia mbili juu. Chini yake ujumbe wake: "Si ya kura. Njoo uone nyanya yako."